Kocha Bila Chuo

Tarehe 9 Machi 2024, mjini Pretoria, Dynamo ya Bujumbura iliifunga Cape Town Tigers pointi 86 kwa 73. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Burundi kucheza katika BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya Afrika inayoendeshwa kwa ubia wa NBA na FIBA, iliyoanza kuchezwa Kigali mwaka 2021. Mgeni kaingia kwa mara ya kwanza, kaifunga timu ya Afrika Kusini kwao. Kesho yake Dynamo ilipaswa kupambana na FUS Rabat ya Morocco. Haikucheza. Ikafuata zamu ya Petro de Luanda. Haikucheza pia. Wapinzani wote wawili wakapewa ushindi wa mezani, na kwa kuwa kanuni inasema timu ikisusa mechi mbili imejitoa, safari ya Burundi ikaishia hapo. Timu ilirudi nyumbani ikiwa haijafungwa na mtu yeyote uwanjani.

Sababu yake inajulikana. Jezi za ligi nzima zilikuwa na maandishi ya mdhamini, Visit Rwanda. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Januari 2024, Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu Kigali kuwasaidia waasi wa RED-Tabara waliofanya shambulio la Vugizo, karibu na mpaka wa Kongo, Desemba 2023. Rwanda ilikana. Katika mechi ya kwanza wachezaji wa Dynamo waliingia uwanjani wakiwa wameyaziba maandishi yale kwa utepe. Ligi ikasema jezi ni jezi, na anayecheza ataivaa ilivyo. Habari za siku zile ziliarifu kwamba agizo la kutolivaa jina lile lilitoka nyumbani, kwa wakubwa.

Basi kila mtu akawa na la kusema. Wa siasa walisema ya siasa, wanaojua biashara wakaeleza mikataba ya udhamini, mashabiki wakawasikitikia vijana waliokuwa wameisubiri nafasi ile tangu utotoni. Sina nia ya kuifungua upya kesi ya nani alikuwa na haki. Kilichonikaa kichwani ni mtu aliyesemwa kidogo kuliko wote, naye ni kocha. Kazi ya miaka, kuanzia viwanja vya saruji vya Bujumbura, kupitia mechi za kufuzu, hadi Pretoria, ilimalizwa na uamuzi ambao yeye hakuwa na sehemu ndani yake. Hakuwa na mahali pa kusimama na kusema ndiyo au hapana.

Katika historia ya mchezo huu yupo kocha mwingine aliyeacha mechi kwa ajili ya jambo lililo nje ya mpira. Tarehe 14 Januari 1989, chuo kikuu cha Georgetown cha mjini Washington kilikuwa kinacheza na Boston College. Mechi inataka kuanza. John Thompson, pande la mtu lenye urefu wa mita mbili na ushei, aliyezoeleka kuwa na taulo jeupe begani, akainuka akatoka nje. Mashabiki wakasimama wakimpigia makofi huku timu ikibaki mikononi mwa msaidizi. Alikuwa akiipinga kanuni mpya ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Kanuni hiyo ingewanyima ufadhili wa masomo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasiofikisha alama zilizowekwa, na Thompson aliona waziwazi kwamba watakaoumia ni watoto weusi wa shule maskini. Akasusia na mechi iliyofuata. Kelele zikawa kubwa, NCAA ikarudi nyuma na baadaye ikailegeza kanuni yake.

Hakuna aliyemfukuza kazi. Alirudi kwenye kiti chake na kukikalia miaka mingine kumi.

Matukio haya mawili yanafanana kwa mbali tu. Thompson aliondoka kwa miguu yake, Dynamo iliondolewa kwa uamuzi wa wengine. Mtu anaweza kusema ni tofauti ya ushujaa, lakini mimi siamini. Nadhani ni tofauti ya kilichosimama nyuma ya benchi. Nyuma ya Thompson kilikuwepo chuo kilichoanzishwa mwaka 1789, ambacho kwa miaka 17 kilikuwa kimemwona akifanya kazi ambayo kisingependa kuipoteza. Kuijua kazi hiyo kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Thompson alichukua timu ya Georgetown mwaka 1972 akitokea sekondari ya St. Anthony ya Washington. Ujanani alikuwa amekaa misimu miwili na Boston Celtics ya NBA, akiwa kivulini mwa nyota wake, Bill Russell, akapata ubingwa mara mbili bila kucheza sana. Timu aliyokabidhiwa ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kupoteza 23. Kocha wa kawaida angeanza kwa kutafuta mtu wa kumsaidia kufundisha ulinzi. Thompson alimleta Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa, waliyefahamiana St. Anthony. Huyu hakuja kufundisha mpira. Kazi yake ilikuwa madaftari: nani anahudhuria vipindi, nani ameanza kuteleza, nani atafutiwe mwalimu wa ziada. Siku za mechi alikaa benchi pamoja na makocha, na wageni walikuwa wakijiuliza mama yule anafanya nini pale.

Ofisini mwake Thompson aliweka mpira uliotolewa upepo. Kijana akija anauona, na hahitaji kuelezwa. Ipo siku upepo utatoka, naye atabaki na kile alichokijaza kichwani.

Ushindi ulikuja, tena mkubwa. Mwaka 1982 Georgetown ilifika fainali ya vyuo vyote ikafungwa na North Carolina kwa pointi moja, 63 kwa 62, baada ya kijana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Michael Jordan kutia mpira zikiwa zimebaki sekunde chache. Georgetown ilikuwa na nafasi ya kujibu, lakini Fred Brown akampa mpira mpinzani, akidhani ni mwenzake. Filimbi ya mwisho ilipolia Thompson alimkumbatia Brown mbele ya kamera zote. Wapo makocha ambao wangemtazama kwa jicho ambalo kijana asingelisahau hadi kaburini. Miaka miwili baadaye waliifunga Houston 84 kwa 75, na Thompson akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa ule. Hakupenda kusifiwa kwa kuwa wa kwanza. Alisema sifa hiyo inawadhulumu waliomtangulia, ambao waliweza lakini hawakupewa nafasi.

Katika misimu yake 27 alishinda mechi 596. Lakini hesabu anayotajwa nayo zaidi ni nyingine: wachezaji 78 walikaa naye miaka yote minne, na 76 kati yao waliondoka na shahada. Kwa hesabu hiyo mkuu wa chuo hana ubavu wa kumfukuza mtu aliyetoka uwanjani Jumamosi moja kwa ajili ya wanafunzi maskini.

Na miongoni mwa waliopitia mikononi mwake yupo mtu wa huku kwetu. Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 kutoka Kinshasa kwa ufadhili wa masomo, nia yake ikiwa udaktari. Mwaka wake wa pili Thompson alimwita ajaribu timu, na kijana wa mita 2.18 hafichiki chuoni. Alihitimu mwaka 1991 akiwa amesomea isimu na diplomasia, akacheza NBA misimu 18, na mwaka 2007 akafungua hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alipofariki Septemba 2024, Wakongo wengi walimlilia kwa ajili ya hospitali kabla ya kumlilia kwa ajili ya mpira.

Mutombo alikuwa amesoma Boboto, shule ya Wajesuiti wa Kinshasa, kisha akaenda Georgetown, chuo cha Wajesuiti wa Washington. Kamba hiyohiyo inafika Bujumbura. Katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, mapadre wa shirika hilo waliendesha chuo cha Roho Mtakatifu, Collège du Saint-Esprit, juu ya kilima cha Kiriri, mji na ziwa vikiwa chini yake. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, ambacho chenyewe kilianza mwaka 1964 kikiitwa Université Officielle de Bujumbura. Kwa hiyo usiniambie kwamba Bujumbura haina historia ya chuo. Inayo, na ina taasisi ya elimu ya viungo na michezo ndani ya chuo kikuu chake, inayowaandaa walimu. Kitu ambacho hakikuwahi kukamilika ni kumfunga kocha na chuo katika kamba moja.

Tazama maisha ya kocha wa kikapu mjini Bujumbura. Asubuhi ana kazi nyingine, maana kikapu peke yake hakimlipii kodi ya nyumba. Wengi ni walimu wa michezo. Mazoezi ni jioni, kwenye uwanja wa saruji usio na paa. Mvua ikinyesha, hakuna mazoezi. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na pasipo na taa za uhakika mazoezi yanakwisha linapozama. Timu yake ni ya klabu: Urunani, Dynamo, Muzinga, New Star, au Berco Stars kwa wanawake. Na klabu ni nini? Ni wapenzi wachache wenye moyo, mfadhili mmoja au wawili, na kumbukumbu ya ushindi wa zamani. Mfadhili akichoka, msimu unayumba.

Mchezaji wake ni mwanafunzi, lakini si mwanafunzi wake. Asubuhi kijana yuko sekondari, au Chuo Kikuu cha Burundi, au chuo kikuu cha Hope Africa. Jioni ndipo anapokuwa wa kocha. Pande hizi mbili hazizungumzi. Mwalimu wa hisabati anaiona klabu kama mwizi wa muda wa kijana, na kocha anauona mtihani kama mwizi wa mchezaji wake. Mzazi amesimama katikati, na kwa kawaida anaupa mtihani ushindi, jambo ambalo ni haki yake. Msimu wa mitihani ukifika timu inabaki nusu. Kule Georgetown ugomvi huu ulikuwepo vilevile, ila wagombanaji wote walikuwa katika ofisi moja: daftari la Fenlon na filimbi ya Thompson. Bujumbura hakuna ofisi hiyo, kwa hiyo ugomvi unaamuliwa kichwani mwa kijana wa miaka 17, kila jioni, peke yake.

Akikivuka kikwazo hicho na kuwa mchezaji hasa, kocha anampoteza kwa njia nyingine. Kigali kuna ukumbi wa watu 10,000 uliofunguliwa mwaka 2019, kuna mishahara, kuna macho ya watu wa NBA. Wachezaji wa Burundi wamekuwa wakivuka kwenda kucheza huko kwa miaka, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kabla ya hapo, msukosuko wa kisiasa wa mwaka 2015 ulikuwa umewafanya Warundi zaidi ya 300,000 kuikimbia nchi, na timu haziwezi kubaki nzima mitaa inapohama. Kocha wa Bujumbura amejenga timu, ikabomoka, akaijenga tena, ikabomoka. Ndiyo maana kufika Pretoria kulikuwa jambo kubwa kuliko matokeo yanavyoonyesha, na ndiyo maana namna safari ilivyokwisha inauma.

Isieleweke kwamba nataka Burundi iige Marekani. Kazi ya kocha wa chuo kule imegeuka biashara ya kutisha. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumzidi hata gavana, ni kocha wa chuo, awe wa kikapu au wa mpira wao wa miguu na mikono. Vijana waliomletea fedha hizo hawakuruhusiwa kupata senti kutokana na majina yao hadi mwaka 2021. Kocha anayeshinda ana chuo mfukoni, anayepoteza anafungashiwa virago kabla msimu haujaisha. Thompson mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mkali, aliwafungia waandishi wa habari milango, na wengi hawakumpenda.

Tena huko nyuma mambo hayakuanza hivyo. James Naismith, mwalimu wa viungo aliyeubuni mchezo huu Springfield mwezi Desemba 1891, akitundika vikapu vya kuvunia matunda ukumbini, baadaye alikuwa kocha wa kwanza wa chuo kikuu cha Kansas. Alishinda mechi 55, akapoteza 60. Hadi leo yeye ndiye kocha pekee wa Kansas aliyepoteza nyingi kuliko alizoshinda. Hakujali sana, kwa sababu kwake ulikuwa mchezo wa kuwajenga vijana, na kuufanya kazi ya maisha lilikuwa wazo lililomshangaza. Aliyeugeuza kuwa kazi ya maisha ni mwanafunzi wake, Phog Allen. Na mwanafunzi wake mwingine, John McLendon, kijana mweusi aliyesoma chini yake Kansas katika miaka ya 1930 lakini akazuiwa kuichezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake, alikuja kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959, akiwa na chuo cha weusi cha Tennessee. McLendon hakuwa na fedha wala kumbi kubwa. Alikuwa na chuo kilichompa mshahara, uwanja, na wanafunzi wasiohama kila msimu. Ukiniuliza Bujumbura ijifunze kwa nani, nitakutajia McLendon kabla ya mamilionea wa leo.

Ushahidi kwamba chuo kinaweza kumtengeneza kocha wa Kirundi tunao, ingawa ni wa riadha na ulitokea mbali. Gilbert Tuhabonye alikuwa mwanafunzi wa shule ya Kibimba Oktoba 1993, siku wanafunzi walipofungiwa ndani na kuchomwa moto. Alitoka akiwa na majeraha ya kuungua mwilini, na alikuwa mkimbiaji. Njia yake ilimfikisha Marekani, chuo cha Abilene Christian cha Texas, ambako mwaka 1999 alikuwa bingwa wa vyuo vya daraja la pili katika mita 800. Baadaye alihamia Austin akawa kocha, akaanzisha kundi lake la mazoezi, na mji ule unamfahamu kwa kazi hiyo kuliko kwa medali. Chuo kilimpa elimu, karatasi ya kuishi, watu wa kumjua, na mahali pa kuanzia. Aliyebaki nyumbani na kipaji kilekile hakupata hata kimoja kati ya hivyo kwa sababu ya mpira au mbio.

Sasa mtu atasema fedha hakuna. Ni kweli hakuna, na hakuna sababu ya kusubiri ukumbi wa watu 10,000. Chuo Kikuu cha Burundi, Hope Africa, Chuo Kikuu cha Ziwa Tanganyika na vinginevyo tayari vina wanafunzi, vina viwanja vya namna moja au nyingine, na tayari vinamlipa mtu anayeitwa mwalimu. Klabu zina wachezaji na mashabiki. Kilichokosekana ni makubaliano ya maandishi: klabu ikiwa na mwanafunzi, chuo kinajua, chuo kikiwa na mchezaji, ada yake inazungumzika, na kocha aliyehitimu katika taasisi ya michezo anaajiriwa na chuo kwa mkataba wa miaka, si kwa fadhila ya msimu. Kocha wa namna hiyo anaweza kupoteza mechi tano mfululizo na bado akawa na kazi Jumatatu. Anaweza pia kumkatalia mkubwa.

Sidhani kama ingeibadilisha Machi 2024. Serikali mbili zikigombana, hata Thompson angeketi chini. Lakini kocha mwenye chuo nyuma yake angerudi kutoka Pretoria akiwa na wanafunzi wa kuendelea nao, mshahara wa mwezi wa Machi, na mtu wa kuandika kwa jina lake kilichotokea. Na gharama ya kuanza ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Mtu wa kwanza ambaye Georgetown ilimhitaji kwa ajili ya haya yote alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari asiyejua kufundisha kikapu, na walimu wa namna hiyo Bujumbura wapo wengi, kuanzia Kiriri hadi Kamenge.